Siku Paka wa Lois Alipozaa

Asubuhi hiyo paka alikataa omena.

Mwandawiro alisimama kwenye mlango wa jikoni, akangoja. Paka aliwanusa dagaa hao kwenye sahani ya bati, akageuza kichwa, akaenda kukaa karibu na mtungi wa maji. Mzee akaisogeza sahani kwa kidole cha mguu. Paka hata hakuitazama.

Mtu mwingine hapo Rukanga angesema akishikwa na njaa atakula. Mwandawiro hakuweza kusema hivyo. Mkewe Lois alianza hivyohivyo. Ilikuwa mwezi wa nne, siku ya Jumanne. Alisukuma bakuli la uji kando, akasema hana hamu.

"Uko sawa?" mzee alimwuliza.

"Niko sawa. Peleka mbuzi, jua linapanda."

Akapeleka mbuzi. Aliporudi saa tisa alikuta wanawake wamejaa uani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiongea.

Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na saba.

Paka alikuwa wa Lois. Alijileta mwenyewe wakati wa mvua, akalala juu ya rundo la mkonge ambao Lois alikuwa akisukia vikapu, na Lois akasema huyo ni mgeni, asifukuzwe. Jina likawa hilo, Mgeni. Mwandawiro hakuwa mtu wa paka. Kwake mnyama ni mbuzi. Lakini baada ya matanga watu walitawanyika, binti yake Wendy akarudi kazini Voi, na jua lilipozama mle nyumbani mlibaki roho mbili tu, yake na ya Mgeni.

Tumbo alikuwa ameliona. Lakini siku zake hakuzijua. Za mbuzi alijua kuzihesabu: beberu akipanda, unaangalia mwezi mara tano, unaandaa mahali. Paka dume huja na kuondoka kama mwizi. Nani atahesabu?

Akaiacha sahani palepale, akavuka ua wa minyaa kwenda kwa Kalondu.

Kalondu alikuwa Mkamba, mama aliyehamia hapo zamani kutoka upande wa Kibwezi. Alifuga paka wanne kwa sababu ya panya wa ghalani. Maneno hayakumpungukia hata siku moja.

"Hodi."

"Karibu, Baba Wendy. Mapema hivi ni chumvi imeisha, ama mbuzi wako wamenimalizia pojo?"

"Ni paka."

"Paka amekula pojo?"

"Amekataa kula."

Kalondu aliacha kufagia. Alimtazama jirani yake usoni, na ule mzaha akauweka kando kidogo. Si wote.

"Si ana mimba huyo?"

"Anayo."

"Chuchu zikoje?"

"Sijaangalia."

"Anajilamba nyuma?"

"Sijaangalia."

"Anaingia-ingia pembeni, kama mtu anayetafuta kitu?"

Mwandawiro akageuka kutazama upande wa kwake.

"Sasa wewe umeangalia nini?"

"Sahani."

"Uui!" Kalondu akajishika kiuno. "Mtu amezalisha mbuzi mpaka wamejaa Kasigau nzima, na paka mmoja anamshinda!" Halafu akasogea karibu. "Sikiliza. Paka akikaribia kuzaa hukataa chakula. Huo si ugonjwa. Chuchu hujaa, zinakuwa nyekundu. Mwili hupoa kidogo, utasikia kwenye masikio. Hatulii. Ataingia huku atoke kule, akwaruze matambara kama anachimba shimo. Halafu ataanza kuhema, atalia. Ukiona ubavu unajikaza na kulegea, basi ameshikwa na uchungu."

"Na kama ni kufa?"

Kalondu akaegemeza ufagio ukutani.

"Anayekufa hatafuti mahali pa kuweka watoto," alisema. "Nenda ukaangalie. Mwache achague mwenyewe, na usimshikeshike. Mimi nakimbilia mfereji, leo maji ni zamu ya upande wetu. Nikirudi nitapita."

Mwandawiro akarudi. Zizini mbuzi walikuwa wameanza kulia, maana kwa kawaida saa hiyo wangekuwa wamefika korongoni. Akawapita.

Paka hakuwa tena karibu na mtungi. Alimkuta chumbani, chini ya kitanda, amepanda juu ya gunia la mkonge uliochanwa ukabaki bila kusukwa. Alikuwa akilikwaruza kwa miguu ya mbele, anazunguka, analala, anainuka, anakwaruza tena. Mzee akapiga magoti kwa taabu. Akanyoosha mkono, akashika sikio. Lilikuwa limepoa. Akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa sakafu, akaangalia chuchu. Zilikuwa nyekundu, zimevimba, na moja ilikuwa na tone jeupe kwenye ncha.

"Kumbe," akasema.

Pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu asubuhi ikamtoka yote kwa pamoja.

Alitaka kuinuka akafungulie mbuzi. Alipofika mlangoni paka alikuwa nyuma yake, analia kwa sauti ambayo hajawahi kumsikia nayo, nzito, ya kutoka tumboni. Akarudi. Paka naye akarudi kwenye gunia. Akainuka tena, paka akamfuata tena. Mara ya tatu mzee akakaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Haya. Nimekaa."

Mbuzi jike akishikwa na uchungu hujitenga na wenzake, hataki kuonekana. Huyu alitaka kuonekana. Alihema mdomo wazi, ulimi nje. Ubavu ukajikaza, ukalegea, ukajikaza tena, na kila mara alimkazia mzee macho. Jua lilikuwa limefika dirishani mtoto wa kwanza alipotoka, mweusi, ndani ya utando uliong'aa. Mgeni akaupasua kwa meno, akamlamba mpaka akapiga kelele nyembamba kama ya kifaranga. Baada ya hapo kondo la nyuma likatoka.

Hapo ndipo Mwandawiro alipokosea.

Maana kwa mbuzi, kondo ndilo la mwisho. Watoto wawe wawili, wawe watatu, kondo likishuka kazi imekwisha, na mfugaji ana mambo matatu ya kufanya bila kuchelewa: analifukia kondo mbwa wasilione, anamhamisha mama na mtoto mahali pakavu, anafunga mlango. Alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa mvulana. Mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Akalichukua kondo kwa ganda la hindi, akalifukia nyuma ya zizi. Akatandika gunia safi ndani ya katoni, akaiweka jikoni karibu na mafiga yaliyokuwa bado na joto. Akambeba Mgeni, ambaye alijinyonganyonga atoke mikononi, akambeba na mtoto wake, akawaweka humo, akafunga mlango wa jikoni kwa komeo.

"Mmoja tu," alisema akiwa nje. Alishangaa kidogo, kwa lile tumbo. Lakini hata mbuzi wa mzao wa kwanza huleta mmoja.

Akafungulia mbuzi, wakatoka wakisukumana.

Hakufika mbali. Pale njia inapokutana na ile ya mfereji alikutana na Kalondu, mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Amezaa?"

"Amezaa. Mmoja."

"Mmoja? Tumbo lote lile?"

"Kondo limetoka. Nimelifukia. Nimemhamishia jikoni."

Kalondu akashusha mtungi chini polepole.

"Baba Wendy. Ni nani alikwambia paka ni mbuzi?"

Mzee akamtazama.

"Kila mtoto wa paka ana kondo lake! Anatoka mtoto, linatoka kondo. Anatoka mwingine, linatoka lingine. Hajamaliza hata robo. Na ukimhamisha katikati anaweza kuzuia, watoto wakae ndani mpaka... Rudi. Rudi! Mbuzi nitawageuza mimi."

Mwandawiro alikuwa na miaka sabini na kitu, na goti lake la kulia lilikuwa na ugomvi wake wa siku nyingi. Alikimbia. Fimbo ilimwanguka njiani, hakuiokota. Alipita zizi, akapita sahani ya omena iliyojaa sisimizi, akavuta komeo.

Paka alikuwa nyuma ya mlango, mtoto mweusi akining'inia mdomoni. Ubao wa mlango ulikuwa na mikwaruzo mipya. Alipita kati ya miguu ya mzee bila kumtazama, akaenda moja kwa moja chumbani, chini ya kitanda, juu ya mkonge. Akamweka mtoto chini. Akalala.

Na hakuna kilichotokea.

Ubavu ulikuwa umetulia. Hakuhema tena, hakulia. Mzee alikaa palepale ukutani, akitazama ubavu ule. Alisikia mbuzi wakiingizwa zizini, akasikia panga likikata matawi, akajua Kalondu anawatupia wakae kimya. Baadaye Kalondu akaingia na kikombe cha chai, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Anasukuma?"

"Hapana."

"Basi anapumzika. Wengine hupumzika saa nzima, hata zaidi. Akianza kusukuma halafu kisitoke kitu, hapo ndipo tutampigia Wendy atafute daktari wa mifugo huko Voi. Sasa bado."

"Nilimfungia."

"Ulimfungia."

"Nikaenda na mbuzi."

Kalondu alijua hawazungumzii paka tena. Akaunyoosha ukingo wa leso yake juu ya magoti, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Mimi ndiye niliyekuwa hapa siku ile," alisema. "Nimengoja uniulize. Miezi sita hujaniuliza."

Mwandawiro aliendelea kutazama ubavu wa paka.

"Alikuwa amekaa pale nje kivulini, anasuka. Alinihadithia habari ya harusi gani sijui, ya Wundanyi, ya watu waliokosa sufuria. Tulicheka. Akaniomba nimshikie uzi upande mmoja. Nikashika. Nikageuka kumfukuza kuku, nilipotazama tena alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho, na uzi bado uko mkononi mwake. Nilifikiri amesinzia. Ilikuwa haraka hivyo, Baba Wendy. Hata ungekuwa hapa, ungekuwa wewe ndiye umeshika uzi."

Nje mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

"Hakuita?" mzee aliuliza.

"Hakuita."

"Hakulia?"

"Alikuwa anacheka."

Mwandawiro aliinamisha kichwa. Kalondu akakisogeza kile kikombe cha chai mpaka kikagusa mkono wake.

Ubavu ulipojikaza tena, mzee ndiye aliyeuona kwanza. Ukajikaza mara moja, mbili, kwa nguvu. Paka alitoa mlio mfupi. Ikatokea miguu, miguu ya nyuma, kisha ikakwama.

"Anakuja kinyume," Kalondu alinong'ona. "Usivute."

"Najua."

Hilo alilijua. Mbuzi wengi walikuwa wamemjia kinyume. Alingoja mpaka ubavu ulipojikaza, ndipo akashika kwa upindo wa shati lake, vidole viwili tu, akaelekeza chini, taratibu, akisaidia pale mama anaposukuma na kuacha pale anapoacha. Mtoto akateleza nje, bado yumo ndani ya utando, hachezi. Mgeni aliinua kichwa, akakilaza. Alikuwa amechoka.

Mzee akaupasua utando kwa ukucha. Akapangusa pua na mdomo. Akamlaza kwenye kiganja, kichwa chini kidogo, akamsugua mgongo kwa shati, akasugua, akasugua. Kitu kidogo kama kidole gumba, cha rangi ya majivu.

"Baba Wendy..." Kalondu alianza.

"Ngoja."

Akasugua. Kamasi ikatoka puani. Kile kitu kikapiga chafya, kikafungua mdomo mwekundu, kikalia.

"Eeh!" Kalondu akapiga makofi mara moja, akajizuia. "Eeh, mzee!"

Akamweka karibu na mdomo wa mama. Ulimi ukatoka, ukaanza kulamba. Safari hii kondo lilipotoka mzee aliweka mikono yake nyuma, akaacha mwenye mambo yake ayafanye.

Wa tatu alitoka bila shida, madoadoa. Wa nne pia, mweusi kama wa kwanza. Saa tisa ilikuwa imefika na kupita bila Mwandawiro kujua. Wote walikuwa kwenye chuchu, wanasukumana. Mzee akapitisha kiganja chini ya tumbo la Mgeni, apate kuliinua kidogo kama anavyofanya kwa mbuzi kujua kama kuna aliyebaki. Mara hii aliuliza kwanza.

"Hii hata kwa paka ni sawa?"

"Ni sawa. Polepole."

Tumbo lilikuwa laini, limelegea, tupu. Paka alimwacha. Akafumba macho.

"Amemaliza," Kalondu alisema. "Sasa unaweza hata kwenda korongoni ukitaka. Hana neno tena."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mwandawiro akatikisa kichwa kukubali. Kisha akajishusha kutoka ukutani, mkono mmoja, halafu kiwiko, akajilaza kwa ubavu kwenye sakafu, uso ukielekea chini ya kitanda.

Kalondu, aliyekuwa ameshika kikombe tayari kuondoka, akasimama.

"Unalala hapo?"

"Mgongo unaniuma."

"Kitanda kiko hapo juu yako."

"Najua," akasema mzee, akaweka mkono chini ya shavu.