Sogea Kidogo, Unaonekana

Mume wa dada yangu ni mpiga picha, na wateja humwita Kaa Sawa kwa sababu ndiyo maneno anayoyasema kutwa nzima. Kaa sawa, kidevu juu, masikio yaonekane. Kwa miaka ishirini na miwili amefanya kazi ndani ya kile chumba chenye pazia jeupe na kigoda kimoja, akipiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za watoto wanaolia kwa kuogopa taa. Mimi nakaa mbele, kwenye kompyuta, nasafisha picha. Natoa chunusi, natoa jasho, natoa kovu la mtu akitaka litoke. Shemeji husema nina mkono mwepesi, nami nilikuwa nikijivunia hilo.

Jumapili studio hufungwa, naye huenda porini. Mtu huyu ambaye kwenda duka la pili kununua wembe ni mpaka asukumwe, huko hupanda milima saa nne mfululizo na stendi ya kamera begani, apate tu ukungu ukitoka bondeni. Anapenda majabali, miti iliyokauka ikiwa imesimama, maji yanayoteremka. Kitu kimoja hakitaki: mtu. "Watu nawaona Jumatatu mpaka Jumamosi," husema. Picha yenye mtu huifuta papo hapo, akiwa bado porini.

Dada yangu humfuata. Majabali hayampi raha yoyote, ila anampenda mume wake na Jumapili ndiyo siku pekee ya kumpata. Hubeba maji na mkate, na kazi yake kubwa huko ni kutoonekana. "Sogea kidogo, unaonekana," shemeji humwambia, jicho likiwa kwenye kamera, na dada husogea. Hata hivyo hupenya. Kiwiko huku, pindo la sketi kule, mara kivuli chake kimelala kwenye nyasi. Hivyo shemeji hakuvihesabu kuwa mtu; aliniletea Jumatatu nivifute. Nilikuwa nikimtania dada, "Leo nimekufuta mara tatu," naye akicheka, "Basi nifute na jikoni, nipumzike."

Jumapili ninayoisema, simu ililia saa saba mchana. Alikuwa shemeji, akipiga kutoka kituo cha askari wa msitu. Sauti yake sikuitambua.

"Shemeji, dada yako simwoni."

"Humwoni vipi?"

"Nilimwambia asogee. Nilipomaliza kupiga, hayupo."

Nilifika kule jioni, roho mkononi. Mkuu wa askari alikuwa mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, na maswali yake hayakuwa na salamu. Alisogea kuelekea wapi? Shemeji akasema upande wa kulia, kwenye kijito, maana ndiko walikouacha mkoba wenye maji na simu ya dada. Mkoba ulikutwa palepale. Ulimwona akienda huko? Shemeji akasema, "Lazima alikwenda huko." Alivaa nini? Hapo ndipo nilipotamani kumpiga. Mtu anayeona kishikizo kimoja kimelegea kwenye shati la mteja alikuwa akitazama chini.

"Nguo ya rangi," akasema.

Mimi nilikuwa nimelala kwangu siku hiyo. Sikumwona dada akitoka. Sikuwa na la kumsaidia.

Mkuu akaomba picha. Tukatafuta kwenye simu zetu wote wawili. Mimi nilikuwa nazo za dada akiwa nyuma ya watu harusini, nusu uso. Shemeji alikuwa na mawe, mawe, mti, ukungu, mawe. Picha pekee iliyomwonyesha uso mzima ilikuwa ya pasipoti, ya miaka ishirini na mmoja iliyopita, kidevu juu, masikio yakionekana. Mkuu aliitazama, akamtazama mume.

"Huyu ni msichana," akasema. "Tunamtafuta mtu wa umri gani?"

"Hamsini na moja."

"Na wewe kazi yako ni kupiga picha."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Jumatatu yote tulitafuta upande wa kijito, watu kumi na wanne na mbwa mmoja aliyeonekana kuchoka kabla yetu. Shemeji aliita jina la dada mpaka sauti ikakatika. Baada ya hapo alikuwa akifungua mdomo tu. Kamera ilikuwa bado shingoni mwake, inampiga kifuani kila hatua, na hakukubali kuivua. Mchana mkuu akaniita pembeni. Akaniambia mtu aliyeumia, bila maji, kwenye jua lile, wao humhesabia siku tatu tu. Akaniambia nijiandae. Nilimuuliza mtu hujiandaaje, akapangusa filimbi yake. Nilikaa chini kwenye jiwe, jiwe zuri sana, la aina ile anayoipenda shemeji, nikalichukia.

Jioni nilimpasulia shemeji. Nilimwambia miaka yote hiyo amemfundisha dada yangu kujificha, sasa amejificha, afurahi. Alivua kamera, akaniwekea mapajani, akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Angalia humo, labda alipita mahali. Mimi nimefuta zote zenye mtu. Nilifuta mwenyewe, palepale."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilifungua studio peke yangu. Nilitaka kitu kidogo tu: kona ya nguo, niwaambie rangi yake. Nikaweka kadi kwenye kompyuta, nikapitia picha za Jumapili moja moja. Hakuna kona. Hakuna kiwiko. Zilikuwa picha safi, na kwa mara ya kwanza nilitamani uchafu.

Nikafika kwenye tatu za mwisho. Zote za jabali lilelile, zimepishana kwa sekunde chache, jua la asubuhi likitokea nyuma ya kamera. Chini, kwenye nyasi, palikuwa na doa jeusi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifutio. Naapa, ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka tisa, na nilikuwa nimeshalipapasa ukingoni kabla sijajua ninafanya nini.

Nikaondoa mkono. Kilikuwa kivuli cha kichwa na mabega. Katika picha ya kwanza kipo katikati. Katika ya pili kimesogea. Katika ya tatu kimebaki kichwa tu, ukingoni kabisa mwa picha, upande wa kushoto.

Kushoto. Kwa siku mbili tulikuwa tukimwita dada yangu huku tukizidi kumpa mgongo.

Sikumbuki nilivyofika kituoni. Nakumbuka mkuu akiitazama ile picha niliyoichapisha kwenye karatasi mara moja na kupuliza filimbi. Upande wa kushoto wa lile jabali kuna korongo lililofunikwa na vichaka. Ukikanyaga vibaya hujui kama kuna chini mpaka uwe chini. Mbwa ndiye aliyemfikia kwanza. Shemeji aliteremka kwa makalio, akichubuka mikono na miguu, na mimi nyuma yake, kila mmoja akiogopa kutangulia kuona.

Alikuwa ameegemea mwamba, mguu umekaa upande usio wake, midomo imepasuka. Gauni lilikuwa la njano. Njano kali, ya kuonekana kutoka kilima cha pili. Macho yalikuwa wazi, nami nilisubiri yapepese, nikasubiri, na sijawahi kusubiri kitu vile. Yakapepesa.

Mkuu akamwinulia kichwa, akamdondoshea maji ya kifuniko kimoja. Shemeji alipiga magoti mbele yake, mikono imening'inia, hajui pa kumshika.

"Niliwasikia," dada akasema. Ilibidi tuiname ili tusikie. "Mlikuwa mnaita mkienda kule. Nikajibu mpaka nikachoka."

Shemeji akaweka paji la uso kwenye mkono wake na mabega yakaanza kumtikisika bila sauti. Dada alimtazama kama anayetafuta jambo alilokuwa amelisahau. Kisha akauliza, "Ile picha ilitoka vizuri?"

Nikajibu mimi.

"Ilitoka, dada. Na wewe umo."