Kibao cha Mwalimu wa Kiingereza

Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Usevya alikuwa na kibao cha mninga chenye kamba. Ukichanganya nyakati za vitenzi, unakivaa shingoni mpaka akosee mwingine. Siku moja hakukosea mwingine, nikakivaa hadi nyumbani, watoto wakinizomea njia nzima. Nilipomaliza darasa la saba niliondoka nacho chini ya shati. Kusamehe nimewaachia wenye moyo huo.

Sasa nafundisha tuisheni Makanyagio. Juzi mwalimu yule, sasa mzee, alimleta mjukuu wake wa kike.

“Nyakati za vitenzi zinamshinda, mwalimu. Nisaidie.”

Nilimpa shikamoo yake, nikamkalisha binti dawati la mbele, nikatoa kibao kabatini na kukiweka mezani.

“Hicho cha nini?” binti akauliza.

“Muulize babu yako.”