Kinga Isiguse Trotwari

Nikiwa mutoto pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, niliamini, kama ninavyoamini kwamba ziwa lina maji, kuwa gurudumu la kinga, yaani baiskeli, likigusa trotwari ya pembeni mwa barabara, polisi wa rulaji, yule wa barabarani, hamfungi mwenye kinga. Anafunga kinga yenyewe. Inalala kasho, pamoja na wafungwa! Jirani yetu, fundi wa kinga, aliapa ameiona moja mule ndani, ina mnyororo shingoni, imekonda mpaka mbavu zake za chuma zinahesabika.

Usinicheke, rafiki. Juzi nimerudi Baraka, nikakuta pikipiki zinapita popote zinapotaka. Nikatafuta kinga hata moja iliyobeba gunia la ndakala, vile visamaki vikavu vya ziwani, wapi! Ndipo yote yakanirudia.

Trotwari ya wakati ule ilikuwa kipande kifupi cha sima, yaani saruji, mbele ya maduka, ukikaribia soko. Sisi tuliiona ndefu kama njia ya Uvira. Wakati wa jua hatukuwa na habari nayo, tulipita barabarani. Lakini mvua ikinyesha, barabara iligeuka bugali mubichi. Ng'ombe angezama mule na pembe zake, na mwenyewe asijue aanze kuchimba wapi.

Tate, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa anauza ndakala. Tulizianua kwenye mchanga zikiwa zinalia kachakacha kama majani makavu, tukajaza gunia, tukalifunga kwenye kinga aliyoachiwa na marehemu mume wake. Harufu yake iliingia kwenye shati, kwenye nywele, mpaka kwenye sala zetu. Goti la tate lilikuwa bovu, kubeba kichwani hakuweza tena. Kinga ikifungwa, soko limekwisha, na chungu chetu kimelala. "Hii ndiyo miguu yangu," alisema, akipigapiga tandiko.

Basi mvua ikanyesha, magurudumu yakanasa. Sima iko hapo pembeni, safi, na polisi amesimama kwenye barza ya duka. Tungefanya nini? Nikashusha gunia, tate akabaki analilinda, nami nikainua kinga nzima juu ya kichwa, nikapita nayo kwenye trotwari kama mutu anayebeba jeneza.

"We mutoto!" bamama wa soko wakapiga kelele. "Unabeba kinga ao kinga iko inakubeba?"

"Mumuache! Iko mugonjwa, anaipeleka hopitali!"

Na tate kule nyuma, kwa sauti ya kanisani: "Inua, mutoto wangu! Isiguse!"

Polisi alinipigia saluti. Nikarudi kuchukua gunia. Tulifanya hivyo kila mvua ilipotukuta, na shingo hii fupi unayoiona, ilikatikia pale.

Leo tate hayuko. Kinga ililiwa na kutu, na mchanga wa kuanikia ndakala umejengwa nyumba. Hata yule fundi siku hizi anatengeneza pikipiki.

Nilipokuwa mutu mzima nikaingia masomo ya jioni, na siku moja mwalimu akatufundisha sheria za barabara. Nikasimama, nikasimulia jinsi sisi tulivyoiheshimu sheria kuliko Baraka yote. Nilingoja sifa.

Mwalimu akapangusa chaki mikononi.

"Kinachokatazwa ni kuipanda kinga kwenye trotwari," akasema. "Ukishuka ukaisukuma, uko mwenye kwenda kwa miguu tu, kama tate yako. Mungepita."