Dawa ya Saa Nne Asubuhi

Mtaani walimwita Mama Dawa, na asije mtu akadhani alikuwa na duka la dawa. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya wadudu mashambani, bomba mgongoni, buti miguuni, barakoa usoni na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa mbwembwe. Wanaume wa kazi hiyo walikuwa wengi, lakini wenye mashamba walimtaka yeye. Hakuruka mstari, hakumwaga dawa ovyo, na mdomo nao alikuwa nao. "Nikipita mimi," alizoea kusema, "hata nzi wa jikoni kwako watahama bila kuaga." Watu wakicheka, wanampa kazi.

Shamba la matikiti maji alilolipuliza mara nyingi lilipakana na kiwanja cha wifi yake, dada wa mumewe. Huyo wifi alifuga nyuki. Alikuwa na mizinga mitano ya mbao iliyopakwa rangi ya samawati, na karibu yake beseni la maji lenye kokoto ndani, ili nyuki wakija kunywa wapate pa kukanyaga wasizame. Ndiyo, mtu mzima na akili zake anawatilia nyuki kokoto. Mama Dawa alimtania kwa hilo mpaka basi.

"Wifi, na taulo umewawekea?"

"Nilikuwa nayo. Ukaja kunitembelea wewe, sasa siioni."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wifi hakulifanyia utani. "Ukiwa na kazi huku, nijulishe jana yake. Na upulize jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi kwao." Ua la tikiti hufunguka asubuhi, mchana linaanza kufunga, na halifunguki tena. Nyuki asipolifikia siku hiyo, sahau tikiti. Wifi alimweleza hayo wakiwa wamechuchumaa shambani, akamwonyesha nyuki aliyebeba chavua ya njano miguuni, na Mama Dawa alielewa vizuri kabisa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hakujua. Misimu yote alipuliza jioni, na kila mara alipiga simu kwanza.

Sasa siku yenyewe, jioni kulikuwa na kikao cha kikundi chao cha wanawake, na mwenyekiti mpya alikuwa achaguliwe. Mama Dawa aliutaka uenyekiti ule, aliutaka hadi usingizi ukampaa. Alikuwa ameshasuka, ameshapiga pasi gauni. Mwenye matikiti akapiga simu kwamba wadudu wameingia kwenye majani, anaomba wapulizwe leo leo. Angeweza kumwambia kesho jioni. Angeweza! Wadudu wale wasingemaliza shamba kwa usiku mmoja. Lakini aliogopa mwenye shamba asije akamwita mwingine, na kupuliza jioni ile ilikuwa ni kuingia kikaoni ananuka dawa, nywele zenyewe ndiyo kwanza zimetoka kusukwa. Saa nne asubuhi akabeba bomba.

Maua yalikuwa wazi shamba zima, na nyuki walikuwa ndani yake. Aliwaona. Akajiambia wataruka tu, wana mabawa. Wifi yake hakumpigia simu, kwa sababu angempigia angeambiwa asubiri. Akapuliza mstari hadi mstari kwa ustadi wake uleule, kisha akaenda kuoga.

Kikaoni wifi alifika akitokea sokoni, hajapita nyumbani wala kwenye mizinga. Ilipofika zamu ya kuwasemea wagombea, akasimama na kikapu chake mkononi.

"Huyu ni wifi yangu, na mnajua mawifi tunavyopendana," akasema, na ukumbi ukaangua kicheko. "Lakini leo nasema kweli tupu. Wapulizaji wote wa huku, ni huyu peke yake anayenijulisha. Hajawahi kunidanganya hata siku moja. Mtu anayewajali nyuki wa mwenzake, sisi atatutupa?"

Makofi, vigelegele. Mama Dawa akainamisha uso akichezea pindo la gauni, wenzake wakadhani anaona haya kusifiwa. Laiti ardhi ingepasuka hapo hapo. Haikupasuka, na kura alizipata.

Asubuhi yake wifi akapiga simu na kusema neno moja tu, njoo. Mama Dawa alikuta nyuki wametapakaa mbele ya mizinga kama maganda ya karanga. Wengine bado walikuwa hai, wakizunguka chali, ndimi nje. Wifi alikuwa amepiga magoti, akiwazoa kwa kiganja, macho yamemwiva.

"Wifi, kuna mtu kapuliza huku jana?"

Mama Dawa alifungua mdomo, na mimi naamini kabisa alitaka kusema. Kilichotoka ni, "Sijasikia."

"Basi ni ugonjwa," wifi akasema. "Ingekuwa dawa, wewe ungejua." Akajifuta uso kwa mkono. "Ni mimi. Nilinunua mzinga uliokwisha kutumika, na sikuubabua kwa moto kabla ya kuuingiza hapa. Nimewaletea maradhi wanangu kwa mkono wangu." Akaeleza kwamba mizinga yote mitano itabidi ichomwe jioni, nyuki wakiwa ndani, la sivyo ugonjwa utawafikia wafugaji wengine. "Uje unisaidie, wifi. Mimi peke yangu sitaweza."

Siku nzima Mama Dawa hakukalika. Aliteleka chai akaisahau mpaka sufuria ikaungua. Majirani walipita kumpongeza, "Hongera, mwenyekiti!" na kila hongera ilimchoma. Alipanga maneno, akayapangua. Jioni ilipofika alikwenda bado hajasema chochote. Jamani, alikwenda! Na glavu zake, na kidumu cha mafuta ya taa.

Mzinga wa kwanza ulikuwa kimya, wakauchoma. Wa pili nao kimya, wakauchoma. Hawa walikwisha kufa, alijiambia, hakuna ninachoharibu. Kwenye wa tatu wifi akaziba mlango kwa tambara, akaweka sikio ubaoni, halafu akaanza kulia kwa sauti.

"Hawa wazima. Wamo wengi tu. Mwaga, wifi, mwaga upesi kabla sijabadili mawazo."

Mama Dawa akaweka kidumu chini. "Usichome. Si ugonjwa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilipuliza matikiti jana."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Maua yakiwa wazi."

"Yakiwa wazi. Niliwaona."

Alingoja matusi. Aliyataka hata, yangempunguzia mzigo. Wifi hakutukana. Aliutazama mzinga wa pili unavyoteketea, nta ikichuruzika kwenye majivu.

"Na pale kikaoni ulikaa unanisikiliza."

"Wifi, mimi..."

"Leo asubuhi nikakuuliza. Nilikuuliza, au sikukuuliza?"

"Uliniuliza."

Wifi akalichomoa lile tambara mlangoni mwa mzinga, nyuki wawili watatu wakatoka kuchungulia. "Nenda nyumbani," akasema. "Moto nitauzima mwenyewe."

Kikao kilichofuata Mama Dawa alisimama mbele ya wenzake, akasema yote, akaurudisha uenyekiti. Wapo waliomfariji. "Loo, wadudu tu hao, mwenzetu!" Faraja hiyo ilimuuma kuliko lawama, maana ndivyo alivyojiambia yeye mwenyewe na bomba mgongoni. Msimu ule matikiti yalitoka machache, mengi yamepinda, upande mmoja mnene na upande mmoja umesinyaa. Mwenye shamba akailaani mbegu. Mama Dawa akamfuata na kumwambia nyuki waliokosekana kwenye maua yake waliuawa na nani. Alidhani kila akisema aibu itapungua. Haikupungua hata kidogo.

Mizinga mitatu ilipona, inajikongoja. Mama Dawa bado anapuliza, jioni tu, na mwenye shamba anayeng'ang'ania asubuhi humwambia atafute mtu mwingine. Wapulizaji vijana huwafundisha, kwa ukali, na akifika kwenye habari ya simu ya jana yake huirudia mara mbili. Na wifi wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Utani tu ndio haupo, na hakuna aliyetamka kwamba umekwisha.

Simu anapiga kama zamani. "Wifi, kesho jioni nina kazi kwenye matikiti."

Zamani wifi angeshukuru, wangepiga soga hadi salio liishe. Siku hizi hujibu, "Nimesikia." Kesho yake Mama Dawa akifika na bomba lake humkuta ameshatangulia, yuko shambani peke yake. Anapita mstari mmoja baada ya mwingine, anainama, anageuza majani, anaangalia kwa macho yake kama maua yamefunga. Mama Dawa husimama ukingoni na bomba lililojaa mgongoni, akingoja. Wifi akishamaliza mstari wa mwisho hukung'uta vumbi mikononi na kumwambia bila kumtazama, "Haya, puliza."