Ukungu wa Ua, Ukungu wa Ukuta

Leo Kiswahili kinataka kunihamisha nyumba, jamani.

Asubuhi ajenti wa mwenye nyumba amekuja kukagua, na mkataba wetu wa kupanga unaisha mwezi ujao. Nilipiga deki mpaka mgongo ukalia.

Nikasahau kitu kimoja tu: ile mashine ya mvuke kwenye kona ya sebule, inayolipulizia ua langu la kwenye chungu. Hita ya winter, msimu wa baridi huku Sydney, inakausha hewa, ncha za majani zinaungua, kwa hiyo huwa naiacha ifuke kutwa.

Ajenti akaingia, akasimama. "What's that?"

Kiingereza kikanikimbia. Nikamgeukia binti yangu Neema: "Mwambie ni ukungu tu, wa ua."

Mtoto wa Sydney huyu! Akasema bila kupepesa macho: "Mum says it's just mould."

MOULD! Yaani ule ukungu mwingine, unaokula kuta!

Simu ya ajenti ikatoka mfukoni, picha zikaanza. Mimi napunga mikono, "No, no! Steam! Water!" Neema kajiziba mdomo. Nikawa naona masanduku yetu nje kabisa.

Ajenti akauliza kama chungu cha ua kinaweza kusogezwa.

Nikakisogeza mwenyewe, tena kwa kujiamini, auone ukuta wangu ulivyo msafi.

Madoa meusi, kutoka sakafuni mpaka usawa wa majani. Mengine yameota manyoya.

Na mashine bado inafuka.

Wenye maua, unyevu wa hewa ya ndani mnaupimaje? Niambieni, msicheke kwanza.

Maana Neema hakukosea kutafsiri. Alinitangulia tu.