Mkutano wa Siri wa Kambi Yetu

Siku chama tawala kiliponitaka niripoti mikutano isiyo na kibali katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Likasi, heri ningekataa. Nilikubali kwa sababu ya beji yenye picha ya Rais.

Punde nikagundua kwamba kila Alhamisi asubuhi wanawake waliingia kwa mkunga mmoja mstaafu na kushusha mapazia. Hawakulipa chochote, hawakualikwa, waliingia tu. Kwa akili yangu ya miaka minne ya sekondari nikaamua kwamba mkutano wa bure lazima unagharamiwa na maadui wa taifa.

Nikasukuma mlango, wanajeshi wawili nyuma yangu.

Wanawake kama kumi walikuwa wananyonyesha. Katikati alilia mke wangu Mwadi, maana mtoto wetu hakuweza kushika ziwa, jambo nililomkataza kumwambia yeyote. Mbele yake, kifua wazi, akimwonyesha kwa ziwa lake mwenyewe namna ya kumweka mtoto, alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu, hata kula naye meza moja sikuruhusiwa.

"Chefu, ule mama ni nani?" mwanajeshi akauliza.

Mama mkwe mwenyewe akanijibia, bila kujifunika, akianza na "mwananchi" ya Kifaransa ambayo chama kilitulazimisha kuitana: "Sitoyeni mukwe, mulikuya kukamata maziba ya nani?"

Kusikia nimekuja kukamata maziwa, wanajeshi walicheka hadi wakaegemea ukuta. Mkunga hakufungua tena mlango wake siku za Alhamisi. Mwadi alimfuata mama yake kwao, kando ya Ziwa Tshangalele, mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa ana mvi, na hajawahi kuniita baba.