Sekunde Mbili za Bi Darubini

Miaka thelathini na moja Bi Darubini alikipanda kile kilima, na kazi yake ilikuwa moja: kukipiga picha alfajiri chombo kinachorudi kutoka angani, kikiwa kimemulikwa na jua huku chini bado giza, kisha kuwaambia watafutaji kitatua wapi. Kwa macho alijaliwa. Kwa mdomo alijaliwa zaidi.

Safari iliyopita watafutaji walihangaika porini kutwa nzima, na wakubwa wakaapa kwamba likitokea tena, kituo chake cha kilimani kitafungwa. Yeye akalaumu upepo, akamlaumu dereva wa lori la watafutaji, akakaribia kumlaumu fundi aliyekiunda chombo.

Leo hesabu ilikuwa imeshatumwa pale mkuu wa watafutaji, mdogo wake mumewe, alipomwita redioni.

"Shemeji, nisimame uliposema, au nisogee mbele kilomita kumi na tano, kilikotua juzi?"

"Ilikuwa mbele?"

"Mbele kabisa. Kama ulipima kwa kamba vile."

Hapo akaanza kupiga hesabu upya. Angani chombo hukata karibu kilomita nane kwa sekunde. Kumi na tano ni sekunde mbili. Kamera ya zamani, goigoi ile, ilikuwa ikichelewa kufunguka sekunde mbili, naye akazoea kuziongeza kwenye saa ya kila picha. Hii mpya, iliyoletwa kabla ya safari ya juzi, haikuchelewa hata kidogo. Lakini mazoea yana taabu: alikuwa ameziongeza juzi, na leo ameziongeza tena.

Ilibaki nusu saa chombo kitue, na wakubwa wote walikuwa wakisikiliza redio ile ile. Angenyamaza, lawama zingebaki kwa upepo. Aliogopa, lakini akabonyeza kitufe cha redio.

"Shemeji, sogea hizo kumi na tano. Juzi nilikosea mimi, si upepo wala dereva. Na leo nimekosea vilevile."

 Mara redioni lori likasikika likinguruma.

Ile nusu saa ilimchosha kuliko miaka yote thelathini na moja.

"Shemeji!" sauti ikapasuka. "Kimetua nyuma ya lori! Nimetoka mbio mpaka kiatu kimoja kimenipotea!"

Kabla hajajibu, mkubwa wao akaingia redioni.

"Bi Darubini, kilima hakifungwi. Kamera nyingine tunaweza kununua. Mtu wa kujishtaki mwenyewe mbele yetu sote, tutampata wapi?"

Bi Darubini akafungua mdomo ajibu. Badala ya maneno yakatoka machozi na kicheko kwa pamoja.